Kununua Motokaa Iliyotumika na Kuieleza Bima Ukweli

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mzazi akienda mnadani kununua ng'ombe hutazama meno, kwato na chuchu, kisha huuliza ng'ombe huyo amezaa mara ngapi. Lakini mzazi yule yule akienda kununua motokaa, mara nyingi hutazama rangi yake, akasikiliza inavyonguruma, akatoa fedha. Katika makala hii nataka kueleza kwa nini yafaa motokaa iliyotumika itazamwe kwa makini zaidi ya hapo, na hasa kwa nini kila badiliko lililofanywa katika motokaa lapasa kuelezwa kwa kampuni ya bima kabla ya ajali, si baada yake. Nimeandika kwa ajili ya wazazi na walimu wetu wanaonunua magari sasa, na pia kwa ajili ya wenzangu, maana baadhi yetu tutakuwa madereva, mafundi au mawakala wa bima muda si mrefu.

KWA NINI MAGARI YETU YANA HISTORIA NDEFU

Watu wengi hapa Tanzania hawanunui motokaa mpya. Magari madogo tunayoyaona barabarani kwa wingi yametumika kwanza Japani, ndipo yakaletwa kwetu. Sababu ni mbili kubwa. Ya kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wa gari lao uko kulia, mahali tunapoutaka. Ya pili, sheria ya Japani yataka gari jipya la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na gari likizeeka gharama huzidi. Basi wenye magari wengi huona heri kuyauza mapema, nayo hupanda meli yakashuka bandarini Dar es Salaam.

Hapo ndipo gari huanza maisha yake ya pili. Mwenye kwanza hulitumia kwenda kazini. Mwenye pili huling'oa viti akabebea mizigo. Mwenye tatu hurudisha viti, tena vingi kuliko vya kwanza, akabebea abiria. Mwenye nne ndiye baba yako au mwalimu wako, naye hajui hata moja katika hayo. Yeye huona gari zima lililopakwa rangi mpya. Waswahili husema mtu huyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

BIMA NI NINI HASA

Watu wengi hudhani bima ni ile stika tu ya kumwonyesha askari wa barabarani. Sivyo. Bima ni mfuko wa pamoja. Tuseme watu 100 wenye magari wamekubaliana kila mmoja atoe shilingi 300,000 kwa mwaka. Mfuko utakuwa na shilingi 30,000,000. Mwaka ule magari mawili yakiharibika, wenye magari hayo watalipwa kutoka mfuko huo, na wale 98 watashukuru Mungu kwamba hayakuwapata. Kampuni ya bima ndiyo mwenye kuushika mfuko, nayo hupata faida yake kwa kazi hiyo.

Sasa, mfuko huo utadumu endapo tu kila mmoja anatoa kwa kadiri ya hatari anayoileta. Mwenye gari la kwendea kanisani na sokoni hawezi kutoa sawa na mwenye gari linalobeba abiria tangu alfajiri hadi usiku. Huyu wa pili akijiandikisha kama yule wa kwanza, fedha atakayolipwa siku ya ajali ni jasho la wenzake. Ndiyo maana nasema kwamba ukweli katika bima si deni letu kwa kampuni peke yake. Ni deni letu kwa wote walio katika mfuko.

Kuna bima za namna mbili zijulikanazo sana. Moja ni bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria hailiruhusu gari kutembea barabarani bila kuwa nayo. Hiyo hulipa madhara uliyomtendea mtu mwingine. Gari lako mwenyewe likiharibika hulipwi kitu. Ya pili ni bima kubwa, ambayo hulipa madhara ya watu wengine na ya gari lako pia. Katika zote mbili mwombaji hujaza fomu, akaeleza gari ni la aina gani, lina viti vingapi, na litafanya kazi gani.

SHERIA YA KUTOFICHA ILITOKA WAPI

Yafaa tujue kwamba sheria ya kutoficha ni ya zamani kuliko motokaa yenyewe. Mwaka 1766 huko London kulikuwa na kesi ya watu wawili, Carter na Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome moja ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra, iitwayo Fort Marlborough. Alikata bima ili alipwe endapo adui wa Ulaya ataiteka ngome ile. Kweli, mwaka 1760 Wafaransa waliiteka. Boehm, mwenye bima, akakataa kulipa. Alisema Carter alimficha habari kwamba ngome ilikuwa dhaifu.

Jaji aliyeamua alikuwa Lord Mansfield. Yeye alieleza kwamba katika bima mambo mengi ya maana hujulikana na mwenye mali peke yake, na yule mwenye kutoa bima humtegemea amwambie kweli. Kwa hiyo kila upande wapasa kuwa na nia njema kabisa. Lakini wasomaji wataona ajabu kusikia kwamba aliyeshinda kesi ni Carter! Jaji aliona kwamba mambo yale mwenye bima aliweza kuyajua mwenyewe, au angaliweza kuuliza, naye alipokea fedha bila kuuliza. Basi sheria hii ina makali pande mbili. Mwenye gari asifiche. Na kampuni nayo isipokee ada huku imefumba macho, ikaja kuyafumbua siku ya kulipa.

Mzizi huo ulifika kwetu pamoja na sheria za Kiingereza, zilizopokewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Huko Uingereza kwenyewe mambo yamelegezwa. Sheria yao ya mwaka 2012, iliyoanza kazi mwaka 2013, yasema mteja wa kawaida atimize uangalifu wa kutosha katika kujibu anayoulizwa. Akikosea kwa uzembe tu, bila kukusudia, na kampuni ingalimtoza ada kubwa zaidi, basi fidia hupunguzwa kwa kadiri ileile. Aliyelipa pauni 200 badala ya 300 hulipwa theluthi mbili ya hasara. Aliyedanganya kwa makusudi aweza kukosa yote. Sheria hiyo ni ya Uingereza, wala isitufanye sisi tulale usingizi. Kwetu yafaa tushike njia iliyo salama, nayo ni kusema yote.

MABADILIKO YAPI YANA MAANA

Mtu aweza kuuliza, "Je, nikibadili kifuniko cha usukani niandike barua?" Hapana. Kipimo ni hiki: badiliko hili laweza kuzidisha uwezekano wa ajali, au wa wizi, au wa moto, au laweza kuzidisha hasara ikitokea? Likiweza, liseme. Nitaeleza machache yaliyo ya kawaida.

La kwanza ni injini. Katika fizikia tumejifunza kwamba nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya mwendo mara 4 ya lile la uzito sawa linalokwenda kilomita 40, wala si mara 2. Nguvu yote hiyo yapasa kumezwa na breki. Mtu akitia injini yenye nguvu zaidi akaacha breki zilezile, amempa farasi mkubwa hatamu ya punda.

La pili ni kuinua gari kwa springi ndefu na magurudumu makubwa. Wengi hupenda kufanya hivyo kwa sababu ya barabara za mashambani, na sababu hiyo ni njema. Lakini uzito ukipanda juu gari hupinduka upesi zaidi katika kona. Jaribu kugeuka ghafla ukiwa na ndoo ya maji kichwani, kisha ujaribu ukiwa nayo mkononi, utajua.

La tatu ni viti. Gari aina ya Hiace lililoundwa kubeba mizigo huweza kuchomelewa viti likawa la abiria. Kwa macho ya bima, hayo ni magari mawili mbalimbali. Gunia la mahindi likiumia katika ajali, hasara ni mahindi. Mtu akiumia, hasara ni hospitali, kazi iliyosimama, na pengine watoto walioachwa. Tena kiti kilichochomelewa uchochoroni juu ya bati jembamba, bila mkanda, huenda kikang'oka pamoja na aliyekikalia.

La nne ni gesi. Siku hizi, hasa Dar es Salaam, magari mengi ya petroli hutiwa mtungi wa gesi asilia ili kupunguza gharama. Ni jambo zuri, kwa kuwa gesi hiyo huchimbwa nchini mwetu, kama vile Songo Songo. Lakini mtungi hujazwa kwa shinikizo la kiasi cha bar 200, ambapo tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kitu tu. Kazi kama hiyo haifai kufanywa na fundi wa kubahatisha. Ifanywe na fundi aliyeidhinishwa, atoe cheti, na nakala ya cheti ipelekwe kwa kampuni ya bima.

La tano ni vitu vya thamani: rimu za bei kubwa, redio, taa za ziada. Hivi humwita mwizi. Zaidi ya hayo, usipoviandika, vikiibiwa huna haki ya kuvidai.

La sita si badiliko la chuma bali la kazi, nalo ndilo husahauliwa kuliko yote. Gari la nyumbani likianza kubeba abiria wa kulipa au wanafunzi kwa nauli ya mwezi, limekwisha badilika, hata kama hakuna nati hata moja iliyoguswa.

KULISOMA GARI PAMOJA NA KADI YAKE

Utajuaje yaliyofanywa na wenye gari waliokutangulia? Chukua kadi ya gari, ile itolewayo na Mamlaka ya Mapato, uende nayo mpaka kwenye gari lenyewe. Kadi yaeleza namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, aina ya mafuta, rangi, idadi ya viti na uzito. Linganisha kimoja kimoja.

Namba ya chesisi ya gari la Kijapani husema mengi kwa anayejua kuisoma. Katika magari ya Toyota, herufi za mwanzo hutaja jamii ya injini iliyowekwa kiwandani. Hiace yenye namba ianzayo na KDH ilitoka kiwandani na injini ya dizeli. Ianzayo na TRH ilitoka na ya petroli. Kadhalika, Noah ya zamani ianzayo na SR40 ilikuwa ya petroli, na ianzayo na CR40 ilikuwa ya dizeli.

Likizo iliyopita shangazi yangu alitaka kununua Noah ya namna hiyo kwa kazi yake ya kusambaza mayai, nami nikaenda pamoja naye na fundi. Chesisi ilisomeka CR40, na kadi ilisema dizeli, sentimita za ujazo 2184. Fundi akainua kiti cha mbele, maana katika gari lile injini imekaa chini ya viti, akatuonyesha injini ya petroli ya 1998.

Muuzaji hakukana. Alisema, "Ni kweli mama, ya kwanza ilikuwa ikichemsha, nikaibadili. Hii ni bora zaidi."

Shangazi akamjibu, "Huenda ni bora, baba, wala sikukatai. Lakini mimi nitalikatia bima gari lililo katika kadi, na gari hilo silioni hapa."

Walipatana kwamba muuzaji apeleke gari likaguliwe, kadi isahihishwe, ndipo fedha itolewe. Ilichukua karibu majuma matatu. Shangazi alipokwenda kukata bima aliitaja injini katika fomu, akaambatisha nakala ya kadi mpya. Yule muuzaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya jambo jema akaacha kuliandika.

ALIYENYAMAZA

Si wote huwa na bahati hiyo. Katika mji wetu yuko jirani mmoja aliyenunua Hiace kwa fedha za kiinua mgongo chake. Kadi ilisema ni gari la mizigo lenye viti 3. Ndani mlikuwa na viti 14, vilivyochomelewa na mwenye gari aliyetangulia. Jirani alimwambia wakala wa bima kwa mdomo kwamba atabeba "mizigo na watu kidogo." Wakala akajaza fomu kwa kufuata kadi: mizigo, viti 3. Jirani akatia sahihi bila kuisoma.

Miezi 7 baadaye gari liligonga kingo za daraja siku ya gulio. Hakufa mtu, lakini viti viwili vya nyuma viling'oka, na mama mmoja muuza vitumbua akavunjika mguu. Mkadiriaji wa hasara alikuja, akahesabu viti, akapiga picha, akaondoka. Kisha ikaja barua ya kampuni: bima iliyokatwa ilikuwa ya gari la mizigo, na abiria hawamo katika mkataba, kwa hiyo haitalipa. Jirani alisema alimwambia wakala. Wakala alisema hakumbuki. Hapakuwa na karatasi.

Ili kumtibu yule mama na kulipa deni la gari, jirani aliuza shamba lake la alizeti. Mama alikaa miezi mingi bila kukaanga kitumbua, na binti yake ndiye aliyeamka usiku kufanya kazi ile kabla ya kwenda shule. Tazameni, wasomaji: viti vile hakuvichomelea jirani, wala mama hakujua habari za fomu. Hata hivyo hasara iliwaangukia wao. Bima haiulizi sana ni nani aliyelibadili gari; huuliza wewe uliyetia sahihi ulisema nini.

NAMNA YA KUSEMA

Basi nitataja hatua chache ambazo kila mzazi aweza kuzifuata.

1. Kabla ya kulipa, linganisha kadi na gari pamoja na fundi unayemwamini. Kila tofauti iandikwe katika karatasi.

2. Mwambie muuzaji asahihishe kadi kwanza. Akikataa, jiulize kwa nini, au tafuta gari jingine.

3. Usitie sahihi kamwe katika fomu tupu, wala katika fomu iliyojazwa na mtu mwingine kabla hujaisoma mstari kwa mstari. Sahihi ni yako, na maneno yote yaliyo juu yake huwa yako pia.

4. Mabadiliko yote yaeleze kwa maandishi, hata yale yaliyofanywa na mwenye gari wa zamani. Peleka nakala mbili. Moja wapokee, na nyingine wakugongee mhuri na tarehe, uiweke nyumbani. Tia na picha za gari.

5. Omba kampuni ikupe hati ya nyongeza ionyeshayo kwamba badiliko limekubaliwa. Neno la wakala kwamba "hakuna tabu, mzee" halisomeki mahakamani.

6. Ukilibadili gari katikati ya mwaka, usingoje mwaka uishe. Na kila unapokata bima upya, soma tena maelezo yote, maana huo ni mkataba mpya.

7. Hakikisha kwamba bima yenyewe ni ya kweli. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa kutumia namba ya gari. Na ukitokea ugomvi na kampuni juu ya malipo, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye mwananchi aweza kumpelekea shauri lake.

Wako watakaosema, "Nikisema yote nitatozwa zaidi." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine kampuni hupokea habari ile bila kuongeza kitu. Mara nyingine tena hukataa kabisa kulikatia bima gari lile, na hapo imekufaa sana, kwa kuwa imekuonyesha hatari mapema, wakati bado waweza kuling'oa lile lililochomelewa vibaya. Lakini tufanye hesabu. Ikiwa ada yaongezeka shilingi 100,000 kwa mwaka, na gari ni la shilingi 15,000,000, mtu angelipa nyongeza hiyo kwa miaka 150 kabla haijafikia bei ya gari. Na mguu wa mtu hatukuutia katika hesabu hiyo.

Wazee wetu walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Gari nalo lina maradhi yake na matibabu yake, na siku ya ajali yote hufunuliwa barabarani mbele ya watu. Wenzangu, tukirudi nyumbani likizo hii, na tuwaombe wazazi wetu kadi ya gari na fomu ya bima, tuketi nao tuzisome pamoja. Kazi hiyo haichukui saa moja.